Masahihisho Matatu ya Ukurasa wa Pili

Ndugu waombolezaji, jirani zetu, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ninyi wagonjwa wake ambao nawaona mmejibanza kule nyuma kama watu waliokuja bila kualikwa, sogeeni mbele, viti vipo, nimesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea historia ya dada yetu, na kabla sijaanza naomba kila mwenye karatasi afungue ukurasa wa pili na atafute kalamu, asiye na kalamu aazime kwa aliye kando yake, kwa sababu ukurasa huo una makosa matatu na mimi sikubali dada yangu azikwe nayo.

Karatasi hizi ziliandaliwa na kamati ya mazishi chini ya baba yetu mdogo, karani wa mahakama mstaafu, aliyeketi hapa mbele na ambaye namheshimu, zikapelekwa duka la kuchapa juzi asubuhi, jana zikarudi nakala mia mbili zimebanwa vizuri kwa pini, picha imetoka safi, na nilipozisoma nikatafuta kalamu. Makosa mawili ni ya uzembe, nitayasahihisha tukiyafikia. La tatu si la uzembe, liliwekwa kwa makusudi ili kunisitiri mimi, na jana baba mdogo alinivuta kando akanisihi nilisome vilevile lilivyochapwa, akasema yaliyopita si ndwele, na mimi nikamjibu kwa adabu kwamba la kuvunda halina ubani, akaniambia basi fikiria, mwanangu. Nimefikiria.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Aprili 1964, katika nyumba ya tatu nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa baba yetu, mchomeleaji wa mabehewa, na mama yetu, mshonaji wa sare za shule. Mimi ndiye wa mwisho, nilizaliwa miaka tisa baadaye, na ni yeye aliyenipa jina la Kitinda, kifupi cha kitindamimba, jina ambalo nilidhani litaisha nikiota ndevu, sasa ndevu zina mvi na bado naitwa Kitinda hata na wateja wangu wa makochi.

Alianza shule ya msingi Januari 1971, karibu na maghala ya nafaka, akaendelea na sekondari ya wasichana mwaka 1978, ambako anakumbukwa kwa kubishana na mwalimu wa kemia kutwa nzima juu ya nukta moja ya desimali, akasimamishwa nje ya darasa hadi kengele ya mwisho, na kesho yake mwalimu akarudi ubaoni akaihamisha nukta mwenyewe. Mwaka 1984 alijiunga na chuo cha famasia, akahitimu mwaka 1987, na tarehe 1 Februari 1988 akaajiriwa katika chumba cha dawa cha hospitali ya serikali, chumba cha chini kabisa cha jengo, chenye dirisha la nondo na bomba lililokuwa likivuja juu ya meza yake tangu siku ya kuajiriwa hadi siku ya kuhamishwa, licha ya barua zake kumi na nne kuhusu bomba hilo.

Hapo ndipo penye sahihisho la kwanza. Mstari wa tatu wa ukurasa wa pili unasema marehemu alikuwa muuguzi. Wauguzi ni watu wa heshima kubwa na wengi wao wako hapa, lakini dada hakuwa muuguzi, alikuwa mfamasia, aliisema tofauti hiyo katika kila sherehe ya familia kwa miaka thelathini na saba, na kila mwaka kuna shangazi aliyemnyooshea mkono apimwe presha. Futeni, andikeni mfamasia.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa majokofu, baada ya jokofu la chanjo kufa ghafla na shemeji kuitwa kulitengeneza, dada akasimama nyuma ya mgongo wake saa nne nzima akiwa na kipimajoto mkononi, na shemeji husema hadi leo kwamba yeye hakutongoza mtu, alikaguliwa akapita. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1994, ambaye ni mkunga, na kijana aliyezaliwa mwaka 1997, ambaye huchora ramani za mabomba ya maji, na wajukuu watatu ambao bibi yao aliwafundisha kusoma kwa kutumia maandishi ya kwenye makopo ya jikoni.

Tarehe 2 Novemba 1998 alihamishiwa kliniki mpya ya waraibu, chumba kimoja nyuma ya maabara, dirisha moja la kutolea dawa, na foleni iliyoanza saa moja asubuhi. Sasa angalieni mstari wa tisa. Umeandikwa hivi, nanukuu, kwa miaka ishirini na sita marehemu alijishughulisha na dawa za kulevya. Ndugu zangu! Nakala mia mbili! Kuna mtu ataikuta karatasi hii miaka kumi ijayo chini ya godoro na ataamini tumemzika muuza unga.

Lakini simlaumu baba mdogo peke yake, kwa sababu lugha yetu yenyewe imetuwekea mtego, kinachoua tunakiita dawa na kinachoponya tunakiita dawa, anayeuza unga kichochoroni anauza dawa na aliyelala wodini anasubiri dawa. Dada alitibu watu wanaotumia unga, wale ambao wakiukosa hushikwa na arosto, mwili ukauma hadi kwenye mifupa, na kila asubuhi aliwapimia kikombe kidogo cha methadoni, dawa ya maji ambayo huituliza arosto hiyo ili mtu aweze kwenda kazini kama watu wengine. Baba mdogo alimwambia zamani kwamba huko ni kutibu kilevi kwa kilevi, ati dawa ya moto ni moto, na dada akamjibu kwamba methali si cheti cha daktari, wakanuniana miezi mitano. Neno teja halikutamkwa mbele ya dirisha lake, aliyelitamka alirudishwa mwisho wa foleni, awe mgonjwa, awe askari, na siku moja alikuwa mganga mkuu. Futeni mstari wa tisa, andikeni alitibu uraibu.

Nakuja kwenye la tatu, na naomba maji kidogo.

Mstari wa kumi na nne unasema kwamba tarehe 6 Agosti 2006 mama yetu mzazi alifariki dunia kwa ugonjwa wa kifua. Mama alikuwa na kikohozi, ni kweli, lakini hakufa kwa kikohozi, na wengi wenu mliokuja kutupa pole siku ile mliambiwa kifua, na mimi nilisimama pale nikipokea pole zenu. Mimi nilitumia unga kuanzia mwaka 1995, niliuza vya nyumbani hadi cherehani ya mama, cherehani iliyotusomesha sote watano, na Septemba 2005 dada alinishika mkono akanipeleka kliniki kwake, akaniandikisha kama anavyoandikisha mtu yeyote, nikanywa methadoni kila asubuhi kwa miezi kumi na moja bila kukosa hata siku moja. Kwa ajili ya uaminifu huo kliniki ikaanza kunipa dozi ya Jumapili niende nayo nyumbani, na dada ndiye aliyeidhinisha, akaibandikia ile chupa karatasi nyekundu yenye neno HATARI kwa herufi kubwa.

Nyumbani kwa mama ndiko nilikokuwa na karakana yangu, wateja walikuwa wakiingia hadi sebuleni kuchagua vitambaa, na mimi niliona aibu na ile karatasi nyekundu, basi nikaimimina dozi kwenye chupa tupu ya dawa ya kikohozi nikaiweka kabatini, kando ya chupa nyingine ya kikohozi iliyokuwa nusu. Jumapili ile baada ya chakula cha mchana mama aliniuliza kutoka chumbani, Kitinda, dawa iko wapi, na mimi nilikuwa nimeinama napiga misumari kwenye kochi, nikajibu bila kuinua kichwa, dawa ipo kabatini mama. Alisema dawa, nami nikasema dawa. Alikunywa, akajilaza kidogo apumzike, na kiasi kile ambacho kwangu kilitosha tu kunifanya nisimame wima nikate kitambaa, kwake yeye ambaye mwili wake haukukizoea kilitosha kuisimamisha pumzi, na saa kumi nilipompelekea chai hakuamka.

Dada alikuja, akanusa chupa, akaketi. Yeye hakumficha daktari ukweli, na kesho yake aliandika barua ya kujishtaki mwenyewe kwa mkuu wa kliniki, kwamba aliidhinisha dozi ya nyumbani bila kwenda kuona itawekwa wapi, na jibu la ofisi, kwa hekima ambayo sijaielewa mpaka leo, likawa ni kupiga marufuku dozi za nyumbani kwa wagonjwa wote miaka mitatu, watu arobaini waliokuwa wanaendelea vizuri wakarudishwa kwenye foleni ya kila siku, wengine wakapoteza kazi, wengine wakarudi kwenye unga, tukawazika. Ni kwa ndugu ndiko lilikosemwa neno kifua. Mimi dada hakunilaumu, hakunifariji, siku ya tatu baada ya mazishi aliniambia maneno haya tu, kesho saa mbili kliniki, usichelewe.

Futeni kifua. Andikeni mama alikunywa methadoni ya Kitinda kwa kuidhani dawa ya kikohozi. Baba mdogo, nisamehe, najua ulitaka kunisitiri, lakini ukificha hili hakuna atakayeelewa kitu kingine chochote alichokifanya mwanao huyu, na hata ninyi mliomcheka mkamwita Mama Lebo, kwa sababu jikoni kwake chumvi imeandikwa chumvi na maji yameandikwa maji, na kwa sababu kila aliyetamka neno dawa nyumbani mwake aliulizwa dawa gani, useme jina lake, mlidhani ni ugonjwa wa wafamasia.

Mwaka 2008, akiwa na miaka arobaini na minne, alirudi chuoni, na huko akakutana na mkemia, yule bwana mrefu anayefuta miwani pale, wakaanza kazi iliyowachukua miaka kumi na minne. Ilikuwapo tayari dawa nyingine, buprenorfini, ya kuwekwa chini ya ulimi kila siku, ambayo huituliza arosto kama methadoni lakini ina dari, ikifika kiwango fulani haiendelei tena kuibana pumzi, kwa hiyo hatari yake ni ndogo zaidi. Wao walitaka kuifanya sindano moja ya chini ya ngozi ivujie mwilini polepole mwezi mzima, isiyoharibika katika jokofu la kawaida la kliniki, na hapo shemeji alihusika kuliko alivyopenda, ili mgonjwa asiwe na kitu cha kubeba nyumbani, cha kuibiwa, wala cha kumiminwa kwenye chupa nyingine. Alitaka dawa isiyo na chupa, na kila aliyemuuliza kwa nini alijibiwa kwa maneno ya kitaalamu mpaka akachoka.

Nisiwachoshe kwa kamati, maana yeye zilimchosha kwa niaba yetu sote. Mjumbe mmoja alimuuliza kwa nini tuhangaike kuwatafutia watu hawa dawa nzuri, ya nini kumeza dawa miaka nenda miaka rudi, naye akamuuliza mjumbe dawa yake ya presha ameimeza tangu lini na anategemea kuiacha lini, na kikao kikaahirishwa. Fomu iliyotaka mihuri sita ilirudishwa kwa sababu muhuri wa nne ulikuwa umekaa kushoto. Na mwaka 2012 ndipo lilipotokea lile ambalo hata leo nikilisimulia napandwa na hasira, karani wa masjala alipokea faili lake na maboksi matatu ya sampuli, akaona neno dawa, akaona neno uraibu, akavipeleka kwenye rafu ya dawa za kulevya, rafu ya vidhibiti vya polisi, na tarehe 17 Mei mwaka huo kazi ya miaka minne iliteketezwa kwenye machimbo ya mawe pamoja na unga na bangi mbele ya waandishi wa habari. Dada aliyajua kwenye gazeti. Katika picha, juu ya lundo linalowaka, linaonekana boksi lake lenye mwandiko wake mwenyewe, TAFADHALI HIFADHI MAHALI PA BARIDI.

Aliikata picha ile akaibandika ukutani ofisini, akapiga meza ngumi moja, akaanza upya. Mwaka 2015 sindano ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa waliojitolea, na mimi nilikuwa wa kwanza kufika mlangoni, naye akanikatalia. Alisema undugu hauingii kwenye daftari la utafiti, matokeo yangu yangetiliwa shaka na yangeivuruga kazi yote, nikamwambia kazi yenyewe umeifanya kwa sababu yangu, akasema ndiyo maana. Miaka saba, ndugu zangu, nilipanga foleni ya kikombe kila asubuhi huku nikiwaona watu wasio hata jirani zetu wakichomwa sindano ya dada yangu mara moja kwa mwezi na kwenda zao, na katika miaka hiyo nilianguka mara mbili nikarudi kwenye unga, na mara zote mbili alinisubiri dirishani kwa kikombe na kwa uso uleule, nami nilimchukia, nasema kweli, na leo ninampenda, lakini alikuwa na kichwa kigumu kama nondo za dirisha lake. Kibali kilitoka tarehe 22 Februari 2022. Nilichomwa sindano yangu ya kwanza Alhamisi ya tarehe 3 Machi, na mchomaji hakuwa yeye, alikuwa amechukua likizo siku hiyo makusudi, kwa sababu ileile.

Leo sindano ile inatolewa katika kliniki nne kwa wagonjwa mia sita na kumi na wawili, na tangu ianze hakuna nyumba ya mgonjwa wake hata mmoja iliyopata msiba kwa chupa iliyokosewa.

Marehemu alistaafu Aprili 2024, akaendelea kwenda kazini kama kawaida hadi walinzi wakaacha kumuuliza. Novemba mwaka huo alianza kulalamika tumbo na mgongo, tarehe 28 akagundulika kuwa na saratani ya kongosho, ikiwa imekwisha kusambaa, na Januari madaktari wakashauri auguzwe nyumbani, apewe morfini ya maji kila baada ya saa nne kutuliza maumivu. Hapo tena tukaanza, kuna ndugu walionong'ona kwamba morfini ni jamaa wa unga, kwamba tutamzika mama wa watu akiwa teja, na dada akiwa amejikunja kwa maumivu aliinua kidole akasema, hii inaitwa morfini, ni dawa ya maumivu yangu, leteni.

Kisha akasema wa kuipima na kuitunza awe mimi. Familia ilikaa kikao. Binti yake ni mkunga, yupo, shemeji yupo, na mimi ni nani, na baba mdogo akasema waziwazi kwamba huko ni kumpa fisi ulinzi wa bucha, na wala sikukasirika, maana fisi mwenyewe nilikuwa naogopa kuliko wote. Dada alisubiri watu watoke, akaiandikia ile chupa karatasi kwa mkono wake, jina la dawa, kiasi, saa, na mwisho mstari ambao sikuwahi kuuona kwenye lebo yake yoyote, mpimaji, Kitinda, akanipa na ufunguo wa kabati, akasema, mara hii usimimine kwenye chupa nyingine. Kwa miaka kumi na tisa hiyo ndiyo mara pekee aliyoligusa jambo lile. Nilipima siku hamsini na moja, kila baada ya saa nne, nikaandika, nikafunga, na ufunguo niliuvaa shingoni hata nikioga.

Alifariki Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa nne na robo asubuhi, akiwa amebakiza mwezi mmoja na siku mbili kutimiza miaka sitini na moja, bila maumivu, mkono wake ukiwa kwa shemeji.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, mganga aliyekuja nyumbani kila Ijumaa hata siku za mvua, wafanyakazi wenzake wa kliniki na maabara, mkemia, jirani zetu waliotupikia na kutubebea viti hivi mlivyokalia, kamati ya mazishi, na baba mdogo, ambaye nimemsumbua leo na ambaye ndiye aliyemlipia dada ada ya chuo mwaka 1984 na hakuruhusu jambo hilo liandikwe. Kwenu ninyi wagonjwa wake, kliniki itafunguliwa Jumatatu kama kawaida, na mimi zamu yangu ya sindano ni Alhamisi, atakayeniona nimechelewa anikumbushe.

Baba mdogo aliniuliza siku ya msiba nilikwenda wapi mchana ule, watu wakinitafuta, namjibu sasa. Nilikwenda hospitali kurudisha chupa, na jibu ninalo hapa mfukoni, limepigwa muhuri na mfamasia wa zamu, nalisoma lilivyo, morfini ya maji, chupa moja, lebo ipo, mililita arobaini na mbili zilizobaki, zimelinganishwa na daftari la mpimaji, hakuna pungufu.

Hakuna pungufu, dada. Pumzika sasa kwa amani, na kwa hili moja tu usibishe.